Kutoka injini moja kwenda mbili ukiwa rubani wa nyanda za juu

Kamwene kaka. Swali lako nalirudia kwa kifupi ili na wengine wanaosoma wajue tunaongelea nini. Una Cessna 206, unaitumia kwa kazi zako za mbao na parachichi kutokea Mufindi, unaenda Dar, Songea na huku kwetu Mbeya, leseni yako ni ya injini moja, na sasa shemeji amegoma kupita tena juu ya Udzungwa na watoto kwenye ndege yenye injini moja. Umepata ndege mbili zinauzwa, zote za injini mbili, Piper Seminole na Piper Seneca II, na Seminole inakula mafuta kidogo ndo maana moyo umeegemea huko. Unauliza uchukue ipi, mafunzo yatakula muda gani, na je kweli familia itakuwa salama zaidi.

Naanza na hilo la mwisho maana hayo mengine yote yanalitegemea. Injini mbili zinaweza kukufanya uwe salama zaidi, na zinaweza kukuua haraka kuliko hiyo 206 yako, inategemea umepakia uzito gani, kiwanja unachorukia kina urefu gani na joto gani, na miguu yako inafanya nini zile sekunde za mwanzo injini ikizima. Rubani wa Dar au Tanga hilo la urefu anaweza kulisoma kwa ajili ya mtihani akalisahau. Sisi wa huku hatuwezi.

Watu wengi wanawaza hivi, zikiwa mbili ikazima moja nimebaki na nusu, basi nitapanda nusu ya nilivyokuwa napanda. Sio hivyo. Ndege inatumia sehemu kubwa ya nguvu zake kujishikilia tu isishuke, na kile kinachobaki juu ya hapo ndo kinachoipandisha. Chukua hiyo Seminole, ina injini mbili za Lycoming za hospawa (nguvu za farasi) 180 kila moja, jumla 360. Tuseme ikiwa imejaa inahitaji kama 150 ili iende sawa bila kushuka kwenye spidi yake nzuri ya kupandia, zimebaki 210 za kupanda. Sasa zima moja. Una 180, toa 150, umebaki na 30. Nguvu imepungua nusu lakini kupanda kumepungua zaidi ya asilimia 80, na hapo nimehesabu tuko usawa wa bahari ambako injini inatoa kila kilichomo. Mfano huo hauko mbali na kitabu chake, Seminole iliyojaa ikibaki na injini moja usawa wa bahari inapanda kama futi 200 kwa dakika. Wewe ni mtu wa mbao utanielewa: lori likipoteza nusu ya nguvu pale Ruaha Mbuyuni kwenye tambarare litaendelea kujikokota, lakini likipoteza nusu hiyo hiyo katikati ya mlima Kitonga halipandi nusu ya spidi, linarudi nyuma.

Sasa ilete Songwe, kiwanja chetu cha ndege cha Mbeya. Kiwanja kiko futi 4,400 na kidogo juu ya bahari. Nduli pale Iringa ni juu zaidi, karibu futi 4,700, na kile kiwanja cha zamani cha Mbeya mjini kiko juu kuliko vyote viwili. Mchana wa Oktoba joto likifika nyuzi 28 pale Songwe, ndege inahisi iko kama futi 7,000, kwa sababu kwenye urefu ule vitabu vinategemea nyuzi 6 tu na kila nyuzi inayozidi inakuongezea kama futi 120. Injini isiyo na turbo, yaani kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi elfu moja. Piga hesabu mwenyewe, ile 180 imekuwa 140 na kidogo, na mahitaji bado ni 150 au zaidi. Hapo hakuna kupanda tena, kuna kushuka. Na kitabu cha Seminole chenyewe kinasema dari yake ya injini moja, yaani urefu wa mwisho ambao bado inaweza kupanda walau futi 50 kwa dakika, ni futi 3,800. Yaani umesimama kwenye ranwei ya Songwe, hujaruka bado, na tayari uko juu ya dari hiyo.

Wala usidhani waliotengeneza wamevunja sheria. Sheria za Marekani ambazo ndege hizi zilipitishwa chini yake, kwa ndege ya injini mbili isiyozidi pauni 6,000 na inayostoli, yaani mabawa yanaacha kuibeba, kwenye noti 61 (maili za baharini kwa saa) au chini ya hapo, hazikudai kwamba lazima ipande na injini moja. Zilidai tu mtengenezaji apime inafanyaje kwenye futi 5,000 kisha aandike, hata kama jibu ni kwamba inashuka. Na futi 5,000 pale Nduli ni futi 300 tu kutoka ardhini, kaka.

Kwa hiyo Seminole mimi naitoa mezani moja kwa moja. Ni ndege nzuri sana ya shule, ina tabia za upole, kama shule yako ya Pwani inayo isome humo, lakini kwa mtu anayeishi Mufindi na kubeba familia hapana.

Seneca II ni habari nyingine kwa sababu ya turbo. Zile Continental zake za hospawa 200 zinasukumiwa hewa, kwa hiyo pale Songwe zinatoa karibu nguvu ile ile ambayo zingetoa Dar, na dari yake ya injini moja inapita futi 12,000. Hiyo inavuka Rungwe, ambayo ni karibu futi 9,700, na inavuka kitu chochote kilichopo kati yako na bahari. Hata Baron 58 ambayo kila mtu anaisifia, na kweli ni ndege imara, ile isiyo na turbo dari yake ya injini moja ni kama futi 7,000, yaani kwa milima yetu haitoshi. Kama pesa yako inaruhusu ndege ya kisasa zaidi basi angalia Diamond DA42, ina injini za dizeli zenye turbo zinazokunywa Jet A-1, mafuta ya jeti, na hilo la mafuta nitalirudia chini.

Ila usiichukulie turbo kama lifti. Seneca iliyojaa ikibaki na injini moja inapanda kama futi 200 kwa dakika ukifanya kila kitu sawasawa. Kwenye noti 90 unatembea karibu kilomita 2.8 kila dakika, kwa hiyo ili upate futi elfu moja unahitaji dakika tano na umeshakula kilomita 14. Angalia ramani, kilomita 14 kutoka mwisho wa ranwei ya Songwe kuna nini upande wa safu ya Mbeya, alafu angalia upande wa bonde linaloshuka kwenda Rukwa. Hilo ndo jambo la kujua kabla hujawasha, kwamba leo injini ikizima baada ya kuruka nakata upande wa bonde, wala sijadiliani na mtu. Na hiyo futi 200 ipo tu kama magurudumu yako ndani, flapu ziko juu, propela iliyokufa imefezwa, yaani mapanga yake yamegeuzwa yapite hewani kwa ukingo yasizuie upepo, spidi iko kwenye mstari wa bluu, yaani spidi bora ya kupandia na injini moja, na bawa limeinama kidogo upande wa injini nzima, ile inayofanya kazi. Acha propela ile iendelee kuzungushwa na upepo peke yake na kupanda kote kumeisha.

Sasa tuje kwenye hizo sekunde zenyewe, hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya swali lako.

Kwenye 206 injini ikizima baada ya kuruka huna la kuchagua, unashusha pua, unatafuta sehemu mbele yako, unatua. Inatisha lakini ni rahisi kichwani. Kwenye injini mbili una chaguo, na chaguo linashawishi. Injini ya kushoto imekufa, ya kulia inanguruma kwa nguvu zote, ndege inajipinda kushoto na bawa la kushoto linaanza kudondoka, wewe unavuta pua juu kwa sababu ardhi iko karibu na mlima uko mbele, spidi inashuka, na ikishapita chini ya mstari mwekundu kwenye saa ya spidi usukani wa mkia hauna tena nguvu ya kuizuia ile injini nzima. Hapo ndege inabinuka. Muda wa kurekebisha haupo kwenye urefu ule. Wengi wanaokufa kwenye ndege hizi baada ya injini kuzima hawauliwi na ile iliyozima, wanauliwa na ile iliyobaki inafanya kazi wakati spidi haipo. Na dawa yake ni kitu ambacho mkono unakataa kukifanya, kurudisha throto, yaani mkono wa nguvu, ya injini nzima, kushusha pua na kutua mbele kama vile uko kwenye 206. Bora kuingia kwenye shamba la mahindi ukiwa sawa mabawa yamelala na spidi unayo kuliko kuingia mgongo chini.

Kwa hiyo mimi ninayemfundisha namtaka aseme kwa sauti kila anapokaa kwenye ranwei, kila mara, hata akiwa peke yake. Injini ikizima bado niko chini, throto zote nyuma, breki. Ikizima nimeshanyanyuka lakini magurudumu bado yako nje na ranwei ipo mbele yangu, throto zote nyuma, narudi chini. Ikizima magurudumu yameshaingia na nina spidi ya bluu na nilishahesabu kwamba kwa uzito huu na joto hili itapanda, naendelea. Kama hesabu ilisema haitapanda basi hilo la tatu halipo kabisa, na nilishalijua kabla ya kuachia breki. Utaona kwamba kila kitu kinategemea karatasi uliyoijaza mezani, ujasiri wako wa hewani unakuja baadaye sana.

Na hapa Songwe imebarikiwa. Ranwei yake ni mita 3,330, ilijengwa kwa ajili ya majeti. Ndege ndogo ya injini mbili inaweza kunyanyuka, ikapanda kidogo, injini ikazima na bado ukarudi chini kwenye lami ile ile. Basi usiharakishe kuyakunja magurudumu, yaache nje mpaka ranwei ya kutua iishe mbele yako. Na usije ukaanza kurukia katikati ya ranwei ili uokoe dakika mbili za kutembea chini, zile mita ulizoziacha nyuma ndo bima yako. Pia ruka asubuhi. Juni na Julai asubuhi pale Songwe hewa imebana, ndege inapanda kama imeongezewa injini, ukisubiri saa nane mchana wa Oktoba au Novemba umejinyima mwenyewe.

Kuhusu mikono na miguu. Karibu kila shule duniani inafundisha ule mtiririko, kila kitu mbele, yaani mikono ya mchanganyiko wa mafuta na hewa, propela, throto, kisha flapu na magurudumu, kisha tambua ipi imekufa, hakikisha, feza. Mtiririko ni mzuri ila umeandikwa na watu wa mabondeni. Kwenye ndege isiyo na turbo huku kwetu ukisukuma ule mkono mwekundu wa mchanganyiko mpaka mbele unaizamisha injini nzima kwa mafuta, nayo inapoteza nguvu wakati unaihitaji kuliko siku zote, kwa hiyo mchanganyiko unaachwa pale ulipoupunguza kwa ajili ya urefu. Kwenye Seneca yenye turbo ni kinyume, mchanganyiko unakuwa umejaa mbele hata Nduli, ila throto ndo huruhusiwi kuisukuma bila kuangalia kwa sababu turbo ya Seneca II haina kitu kinachojirekebisha chenyewe kuzuia presha isizidi, ukizidisha unaweza kuharibu silinda za injini pekee uliyobaki nayo. Angalia saa ya presha wakati unasukuma.

Kutambua ipi imekufa tumia miguu. Mguu unaokanyaga pedali kuizuia ndege isipinde unafanya kazi, ule mwingine umelegea, na upande wa mguu uliolegea ndo upande wa injini iliyokufa. Kisha rudisha throto ya hiyo unayodhani imekufa taratibu, kama hakuna kilichobadilika umepatia, kama ndege imelia na kupinda rudisha mbele haraka maana ulikuwa unaiua nzima. Kuna watu wamefeza injini nzima, hilo limetokea duniani zaidi ya mara moja. Lakini pia usichelewe mno kwa sababu propela nyingi za aina hii zina pini zinazozizuia zisijifeze ukiwa unazima injini chini, na pini hizo zinafunga mzunguko ukishuka, kwenye Seminole ni chini ya mizunguko 950 kwa dakika. Injini ikiwa imeharibika ndani na inagoma kuzunguka, ukisubiri mpaka isimame hutaifeza tena.

Seneca na Seminole propela zake zinazunguka kwa kupingana kwa hiyo ikizima kushoto au kulia shida ni ile ile. Baron na nyingi nyingine zinazunguka upande mmoja, hapo kuzima ya kushoto ni kubaya zaidi. Mkufunzi wako ataeleza.

Njiani sasa, na hapa ndo shemeji ana haki kabisa. Injini ya pili inalipa gharama yake yote ukiwa juu, sio ukiwa unaruka. Unatoka Nduli kwenda Dar, Udzungwa iko chini yako imejaa miti na mawingu, kilele chake cha Luhombero kinafika mita 2,576, yaani karibu futi 8,500. Kwenye 206 injini ikizima pale unatafuta uwazi kwenye msitu ambao hauna uwazi. Kwenye Seneca uliyoiweka futi 11,500, ukiipoteza moja utapunguza spidi mpaka bluu, pengine utashuka kidogo kidogo, alafu utafika Morogoro au hata Dar umechoka tu. Hata ndege isiyoweza kukaa juu na injini moja bado inashuka polepole sana kuliko ile isiyo na injini kabisa, na kushuka polepole kukipangwa vizuri kunakuvusha. Kupangwa ndo kwenyewe. Ukitoka Mbeya kwenda Songea juu ya Kitulo na milima ya Livingstone, ambako vilele vinafika mita 2,960, lazima ujue kila dakika kwamba ardhi ya chini iko wapi. Nusu ya kwanza jibu ni kaskazini, Usangu, tambarare ya Mbarali iko kwenye futi 3,500 hivi. Ukishavuka mgongo jibu linageuka kuwa kusini magharibi, kushuka kuelekea Ziwa Nyasa ambalo liko chini ya futi 1,600. Chora mstari kwenye ramani kabla, huku nageukia Usangu, kule nageukia ziwa. Injini ikizima ndani ya mawingu ya Machi sio wakati wa kuanza kuuliza milima iko wapi.

Ukianza kukaa juu ya futi 10,000 kwa muda beba oksijeni, na watoto nao wawe na yao. Mtu aliyekosa oksijeni anajisikia vizuri tu huku hesabu zake zinaharibika.

Mafuta. Injini zikiwa mbili zinazima zote mbili kwa sababu moja mara nyingi kuliko watu wanavyofikiria, na sababu hiyo ni mafuta: yameisha, yana maji, au sio yenyewe. Seneca inakunywa avgas, petroli ya ndege, na avgas huku kusini sio kitu cha kufika na kukuta, lazima upige simu kabla, uweke akiba yako kwenye madramu, uchuje na uchukue sampuli kila tanki kila ukijaza. Jet A-1 ndo inayojaza ndege za abiria kwa hiyo ndo rahisi kuipata, na hapo pana hatari yake. Ndege yenye maandishi ya turbo ubavuni imeshajazwa mafuta ya jeti kimakosa mara nyingi duniani kwa sababu mjazaji akiona neno hilo anadhani ni injini ya jeti. Itawaka, itatembea chini, itaruka, kisha zote mbili zitakufa pamoja. Simama hapo mwenyewe anapojaza, usimtume kijana. Na jifunze ile valvu ya kuvusha mafuta ya bawa moja kwenda injini ya upande wa pili mpaka uweze kuifanya bila kufikiri, maana ukiruka muda mrefu na injini moja bawa la upande uliokufa linabaki zito na mafuta unayoyahitaji yako humo.

Kitu ambacho hukukiuliza ila nakisema: kiwanja chako cha majani. Mufindi uko juu ya futi 5,500, kwingine zaidi, majani yana umande, ardhi ina mteremko. 206 imezaliwa kwa ajili ya viwanja hivyo. Seneca itaweza siku nyingine, lakini pua yake nzito, propela ziko karibu na ardhi zinaokota kokoto, na injini ikizima pale baada ya kunyanyuka ranwei ya kurudi huna. Kwa hiyo ukinunua injini mbili jiandae kuiweka Nduli na wewe uwe unaendesha gari kutoka nyumbani mpaka Iringa mjini. Ukipiga mahesabu ya muda ongeza na hilo. Wengine wakifika hapa ndo wanaona kwamba wanachohitaji ni 206 ile ile iliyotunzwa vizuri na njia inayofuata barabara kupitia Mikumi badala ya kukata msitu, na huo ni uamuzi wa heshima kabisa.

Gharama sitakaa sana, unajua biashara kuliko mimi. 206 yako inakula kama lita 60 kwa saa, Seneca hesabu 80 mpaka 90. Ovaholi ni mbili, gavana za propela mbili, turbo mbili, na Seneca II zilitengenezwa kati ya 1975 na 1981 kwa hiyo unanunua bati na nyaya za umri huo. Injini zake mtengenezaji anaziwekea idadi maalumu ya masaa kabla ya ovaholi, uliza zimebakiza mangapi kila moja, na umlipe fundi wako mwenyewe aende akaifungue kabla hujatoa hata shilingi, sio fundi wa muuzaji. Ukiona bei imekufurahisha sana jua injini zinakaribia mwisho. Bima nayo itakuuliza una masaa mangapi ya injini mbili, na kwa mwanzo hayatakuwepo, kwa hiyo itakuwa ghali au itakudai uruke na mkufunzi kwa muda.

Mafunzo. Reitingi yenyewe, yaani kibali cha injini mbili, kwa mtu mwenye uzoefu wako sio ndefu, ni wiki moja mbili ukikaa chini ukaifanya kwa utulivu, mtihani wa kuruka, kisha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wanaiweka kwenye leseni. Ushauri wangu ni uifanye Pwani kwanza, na sababu sio joto wala bahari. Lile zoezi la kuonyeshwa ndege inavyopoteza uelekeo ikishuka kwenye spidi nyekundu linabadilika ukipanda juu. Injini isiyo na turbo ikipanda inapungua nguvu, kwa hiyo ile spidi nyekundu ya kweli inashuka, lakini spidi ya kustoli unayoisoma kwenye saa inabaki pale pale, na kuna urefu zinakutana. Hapo badala ya ndege kupinda taratibu ukaona na kurekebisha, inastoli injini moja ikiwa imewaka nyingine imezima, na hiyo ni spini, yaani inaanguka huku inazunguka. Zoezi hili linatakiwa liishe ukiwa bado una futi 3,000 chini yako, na futi 3,000 juu ya Usangu tayari ni futi 6,500 za bahari. Mkufunzi anayejua ataweka mguu wake kuzuia pedali isifike mwisho ili upoteze uelekeo mapema kwenye spidi ya juu, ukiwa mbali na kustoli, ukishaona pua inaanza kuhama unarudisha throto na kushusha pua basi. Akikwambia tufanye hili chini chini ili uone vizuri, shuka kwenye ndege yake. Na akitaka kuzima injini kabisa karibu na ardhi kataa pia, throto inarudishwa kidogo ikafanana na propela iliyofezwa, inatosha.

Ukishapata reitingi hapo ndo nusu. Rudi nayo nyumbani na mkufunzi mwingine anayejua milima, mkae Songwe na Nduli, mkapakie ndege mifuko ya mchanga mpaka ifikie uzito wa shemeji, watoto na mizigo, mrukie saa sita mchana mkiwa juu ya ardhi salama arudishe throto moja uone mwenyewe ile sindano ya kupanda inakaa wapi. Hutasahau ulichokiona. Kisha kila mwezi mazoezi, hata ukiwa na kazi nyingi. Injini mbili bila mazoezi ni hatari kuliko injini moja, hilo nalisema bila kupepesa macho, kwa sababu miguu inasahau, na siku hiyo utategemea miguu.

Uamuzi wangu basi. Kama safari zako nyingi ni Mufindi kwenda mashambani na Mbeya mchana wa jua, baki na 206, mpe shemeji njia ya barabara na injini iliyotunzwa. Kama kweli kila mwezi unavuka Udzungwa na Livingstone na familia, na una pesa ya kulipia mazoezi na sio kununulia tu, chukua Seneca au kitu chenye turbo kama hiyo, uiweke Nduli, na ukubali kuacha kiti kimoja au viwili wazi, maana kila kilo unayoiacha chini inarudi kwako kama futi za kupanda.

Muuzaji wa hiyo Seneca mwombe akupigie picha kurasa mbili tu za kitabu chake, ile ya kupanda na injini moja na ile ya uzito na mizani ya ndege hiyo hiyo, sio ya aina yake kwa jumla maana baada ya miaka 40 ya rangi na redio kila moja ina uzito wake. Jaza uzito wenu halisi, futi 4,700 na nyuzi 26. Namba ikitoka ndogo kuliko futi 150 kwa dakika punguza mizigo kwenye karatasi mpaka ifike hapo, alafu uone kama kilichobaki bado ni safari mnayoitaka.